Redio Haikuwa na Masikio

Habari za kifo cha mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, tarehe 7 Februari 2025, zilinikuta ndani ya matatu ya namba 46 nikitoka Kawangware kuja mjini. Zilitoka redioni, kama ilivyostahili. Dereva aliongeza sauti, kondakta akaacha kupiga mluzi, na kwa dakika chache gari zima lilisikiliza. Kisha mzee aliyeketi nyuma ya dereva akasema, "Basi, tumemaliza. Huyu ameondoka na hadithi zetu zote. Hawa watoto wa simu watakumbuka nini?" Sisi wa umri wa utu uzima tuliitikia kwa kuguna. Vijana wawili wenye visikizi masikioni hawakuinua vichwa, na kimya chao kikahesabiwa kuwa ushahidi dhidi yao. Tulipofika mjini kesi ilikuwa imeshaamuliwa.

Tangu siku hiyo nimeisikia hukumu hiyo matangani, kanisani, na kwenye mabenchi ya bustani ya Jeevanjee. Inasema kwamba zamani tulikuwa na redio moja iliyotukusanya, ikatufunza adabu, ikatunyoosha Kiswahili na kututunzia kumbukumbu. Kisha simu zikaja, vijana wakaacha kusikiliza, na sasa kumbukumbu za vizazi zinafia mikononi mwao. Watu ninaowaheshimu wanaisema. Baadhi yao wamenilea. Hata hivyo siwezi kuendelea kuguna nikiitikia jambo ninalojua si kweli. Kumbukumbu zetu hazifii mikononi mwa vijana. Zinafia vinywani mwetu sisi tuliozimeza.

Siidharau redio, maana ndiyo iliyonilea. Najua harufu ya betri kuukuu zilizoanikwa juani juu ya bati ili zipate nguvu ya jioni moja zaidi. Najua kitambaa cheupe cha kufuma kilichofunika redio kana kwamba ni mgeni aliyelala. Najua kadi za salamu, jinsi mtu alivyoandika majina ya ndugu na marafiki kwa mwandiko wa kujitahidi, kisha akakaa wiki nzima akisubiri kusikia jina lake likitamkwa na mtu mkubwa Nairobi. Mzee Pembe na Kipanga walituvunja mbavu. Katika miaka ya 1980 mchezo wa "Ushikwapo Shikamana" uliwafanya watu wazima wazungumzie uzazi wa mpango mbele ya watoto, jambo ambalo hakuna mhubiri wa mtaani kwetu aliyekuwa amelithubutu. Na kipindi cha Mbotela, "Je, Huu ni Uungwana?", kilichoanza mwaka 1966, kilitufanya tujitazame kila tulipotaka kutema mate njiani.

Kwanza tulisikiliza tukiwa tumesimama dirishani kwa jirani. Redio yetu wenyewe iliingia nyumbani Agosti 1982, nikiwa na miaka 14. Jinsi ilivyoingia nitaeleza mwishoni, kwa sababu hapo ndipo hoja yangu ilipozaliwa.

Nianze na dai kubwa kuliko yote, kwamba redio moja ilitufanya kitu kimoja. Tulikuwa na redio moja kwa sababu serikali haikutaka kuwe na ya pili. Mwaka 1964 ilichukua shirika la utangazaji, KBC, ikaliita Sauti ya Kenya na kuliweka chini ya Wizara ya Habari. Jina la KBC lilirudi mwaka 1989, na stesheni ya kwanza ya binafsi ya FM ilisikika Nairobi mwaka 1996. Kwa zaidi ya miaka 30 Mkenya aliyezungusha kitufe akitafuta sauti nyingine kutoka nchini mwake hakuipata. Ndiyo maana mzee aliyetaka kujua kinachotendeka katika mji wake mwenyewe alisubiri jioni, akaisogelea redio, akaisikiliza BBC ya London ikimweleza kwa Kiswahili. Watu wanaolazimika kusikiliza sauti moja hukaa pamoja, ni kweli, lakini kukaa pamoja namna hiyo hakuwafanyi kuwa kitu kimoja. Hata wafungwa hula pamoja.

Ndani ya nyumba mambo hayakuwa tofauti. Mkono uliokuwa juu ya kitufe ulikuwa wa baba. Saa ya taarifa ya habari ilipofika, neno lilikuwa moja: "Kimya!" Mtoto aliyekuwa katikati ya kisa chake cha shuleni alikimeza. Mama aliyekuwa akieleza bei ya unga aliishia nusu ya sentensi. Wanaolia leo kwamba vijana hawasikilizi wanasahau kwamba kusikiliza kwetu kulianza kwa kunyamazishwa.

Linganisha na hadithi yenyewe, ile iliyokuwapo kabla ya redio. Msimulizi anasema, "Paukwa!" na haendelei mpaka aitikiwe, "Pakawa!" Anasema, "Hadithi, hadithi!" na kama hakuna anayesema, "Hadithi njoo!" hadithi haiji. Bibi zetu hawakuifanya desturi hiyo kuwa pambo. Ilikuwa sharti: msikilizaji ana nusu ya hadithi, na bila yeye haitembei. Anauliza, anapinga, anamkatiza bibi kumwambia kwamba jana sungura alipita njia nyingine. Redio iliondoa sharti hilo. Iliendelea kusema hata nyumba nzima ikilala. Kadi za salamu na barua za wasikilizaji zilikuwapo, lakini aliyeamua ipi isomwe na ipi itupwe hakuwa msikilizaji. Redio ilikuwa na mdomo mtamu sana. Masikio haikuwa nayo.

Kwa hiyo haishangazi kwamba mambo mazito ya kizazi chetu hayakupita humo. Taarifa ya habari ilianza na Mtukufu Rais: alikokwenda, alichofungua, aliyemshukuru. Machi 1975, J. M. Kariuki, mbunge ambaye mara ya mwisho alionekana akiwa katika hoteli ya Hilton hapa katikati ya jiji, alipotea. Umma uliambiwa kwamba yuko Zambia, na huku mwili wake ulikuwa umeshaokotwa Ngong. Februari 1984 wanaume wa Wajir walikusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, wakakaa siku kadhaa juani bila chakula wala maji, na wengi wakauawa. Serikali ilikiri vifo 57. Wajane wa Wagalla walijua idadi nyingine kabisa, na walikaa nayo karibu miaka 30 kabla ya ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano kutoka Mei 2013. Ni kipindi gani cha redio kilichowauliza wajane hao kama huo ulikuwa uungwana?

Simlaumu Mbotela. Yeye ndiye shahidi wangu bora. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982, askari waasi wa Jeshi la Wanahewa walimchukua na kumfikisha Broadcasting House, akatangaza chini ya mtutu wa bunduki kwamba serikali imepinduliwa. Siku hiyohiyo, baada ya wanajeshi watiifu kuikomboa stesheni, sauti ileile ikatangaza kwamba serikali imerudi. Mbotela hakuificha hadithi hiyo. Aliisimulia maisha yake yote, akiulizwa na asipoulizwa. Lakini kumbuka tuliyoyasikia siku ile: sauti tuliyoiamini kuliko zote nchini ilisema mambo mawili yanayopingana, na hapakuwa na namna ya kumuuliza ni lipi la kweli. Redio yenye mlango mmoja humilikiwa na yeyote mwenye bunduki mlangoni.

Wenye hoja ya pili husema: sawa, redio ilikuwa na mapungufu, lakini bila hiyo kumbukumbu zitahifadhiwa na nani? Nawaomba wasimame nami nje ya jumba hilohilo la utangazaji, kwenye barabara ya Harry Thuku. Karibu na hapo, tarehe 16 Machi 1922, umati ulikusanyika kudai Thuku, mwanasiasa aliyekuwa amekamatwa, afunguliwe. Wanaume walipoanza kusitasita, Mary Muthoni Nyanjiru aliwaambia wampe suruali zao, wao wachukue nguo yake, na akatangulia mbele ya bunduki. Aliuawa. Serikali ilihesabu maiti 21. Walioshuhudia walitaja wengi zaidi. Wakati huo redio ilikuwa haijafika Nairobi, na ilipoanza, mwishoni mwa miaka hiyo ya 1920, haikuanzishwa kwa ajili ya watu wa Nyanjiru bali kwa walowezi. Waliomweka hai Nyanjiru ni wanawake. Walimwimba mashambani, na wimbo wao ulipopigwa marufuku wakaendelea kumtaja. Zaidi ya miaka 100 baadaye jina lake tunalo.

Au tembea kidogo mpaka barabara ya Kimathi, kwenye sanamu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, iliyosimamishwa mwaka 2007. Wakati wa Hali ya Hatari redio ya mkoloni iliwaita wapiganaji wa msituni magaidi. Uhuru ulipokuja, Mau Mau iliendelea kuwa marufuku kisheria hadi 2003. Kwa nusu karne simulizi za waliopigwa, waliohasiwa na waliofungwa kambini zilipita chinichini, mama kwa binti, mzee kwa mjukuu, gizani. Kisha wazee wachache wakasimama mahakamani London na kusema kwa vinywa vyao. Mwaka 2011 Uingereza ikalazimika kukiri kwamba ilikuwa imeficha maelfu ya majalada ya makoloni huko Hanslope Park, na Juni 2013 ikatangaza majuto pamoja na fidia ya pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Karatasi zilikuwa zimefungiwa. Kilichozifungulia ni kumbukumbu ya watu ambao hawakuwahi kupewa maikrofoni.

Mbotela mwenyewe alitoka Freretown, Mombasa, makazi ya watumwa waliokombolewa. Waliojua jinsi babu zao walivyokamatwa na kuvushwa waliwasimulia watoto, na mwaka 1934 kitabu cha James Mbotela, "Uhuru wa Watumwa", kikayaweka mengi ya mambo hayo katika maandishi. Ukoo huo ulikuwa na kumbukumbu kabla ya kuwa na redio. Labda ndiyo maana ukatoa msimulizi.

Sasa nije kwa washtakiwa, wale vijana wawili wenye visikizi. Hakuna aliyewauliza walikuwa wakisikiliza nini. Huenda ulikuwa muziki. Huenda pia walikuwa wakisikiliza watu wakisimulia maisha yao, kama wanavyofanya katika "Legally Clueless", kipindi alichokianzisha Adelle Onyango mwaka 2019, ambacho kimejaa sauti za watu wa kawaida wakieleza yaliyowapata. Kila asubuhi ya kazi maelfu ya Wakenya husikiliza kipindi cha redio "Patanisho" cha Gidi na Ghost, ambamo mke aliyeondoka na mume aliyeachwa husema wenyewe, wanajibizana, wanalia, na nchi nzima inachangia. Wazee wenzangu wanakiita kipindi hicho upuuzi. Mimi nasikia ndani yake "Paukwa" ikiitikiwa. Mwaka 2006 vijana wa Korogocho walianzisha Koch FM ndani ya kontena la chuma, wakasema ya mtaa wao ambayo redio kubwa haikuyaona isipokuwa palipotokea mauaji. Kibera wakawa na Pamoja FM, na moto wa ghasia za baada ya uchaguzi ulipowaka mwaka 2008, stesheni hiyo ndogo ikawa inawasihi majirani wasichinjane.

Na Juni 2024? Kizazi tunachosema hakiwezi kusikiliza kilikesha kwenye mikutano ya sauti mtandaoni, maelfu kwa maelfu, wakichambuliana Mswada wa Fedha kifungu baada ya kifungu. Waliutafsiri kwa Kiswahili na kwa lugha za mama zao ili bibi zao mashambani waelewe. Wenzao walipopigwa risasi katika barabara hizihizi za katikati ya jiji, hawakusubiri taarifa ya habari iwape idadi. Walikusanya majina wenyewe, wakayasoma, wakayarudia. Sisi mwaka 1982 hatukukusanya jina hata moja.

Nitajibiwa kwamba simu hueneza uongo. Ni kweli, hueneza, na uongo wake una kasi ya moto wa nyikani. Lakini uongo wa Zambia mwaka 1975 ulipotoka hapakuwa na mtu wa kuukanusha hadharani jioni ileile. Leo kuna mtu wa kukanusha, na mwingine wa kumkanusha huyo. Ni kelele zinazochosha, sikatai. Nazivumilia kuliko ule utulivu. Nitaambiwa pia kwamba Kiswahili cha watangazaji wa zamani kilikuwa safi, na cha vijana kimechanganyika. Hapo nakubali, na kunauma. Lakini lugha haiwezi kumfikia mtoto kupitia malalamiko. Anayetaka mjukuu wake aseme kama Mbotela na amsemeshe, kila siku, kwa Kiswahili chenye utamu huo.

Liko pia jambo la mikanda. Hata BBC, pamoja na fedha zake zote, ilifuta vipindi vyake vingi vya miaka ya 1960 na 1970 ili itumie mikanda upya, na baadaye ikawaomba watu watafute nakala darini. Waliofuta walikuwa watu wazima wenye vyeo. Mimi tangu utotoni sijasikia tena hata kipindi kimoja cha redio cha miaka yangu ya dirishani, na kuna watoto wengi wa Nairobi ambao wangependa kuvisikia kama wangejua pa kwenda. Tuna jumba la Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, lililokuwa la National Bank of India, ambalo watu hulitumia zaidi kama mahali pa kukutania. Tuna Maktaba ya McMillan mtaa wa Banda, iliyofunguliwa mwaka 1931. Kila mkanda wa Sauti ya Kenya uliobaki na uwekwe humo, usikike bure, na wanafunzi waruhusiwe kuubishia. Hiyo ni kazi ya walio na funguo, na hakuna kijana hata mmoja mwenye funguo hizo.

Lakini funguo nyingine tunazo sisi wenyewe, na hapa narudi kwenye redio yetu.

Mwaka 2025 mjukuu wangu, aliyekuwa na miaka 14, alipewa kazi shuleni ya kumhoji mtu mzima wa familia. Aliona redio katika picha ya zamani, juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cheupe. "Shosho, hii mliinunua wapi?" Nilianza kusema nilichosema siku zote, kwamba tuliipata. Nikamtazama. Simu yake ilikuwa mezani, inarekodi, na yeye alikuwa ameinama mbele akisubiri.

Nikamwambia. Jumapili ile ya mapinduzi kaka yangu alikwenda mjini kwa miguu na vijana wengine wa Kawangware. Alirudi usiku na redio kaseti mpya mabegani, kutoka duka lililovunjwa mtaa wa Biashara. Polisi walipoanza kupekua nyumba kutafuta mali ya wizi, mama aliizika ndani ya gunia la mkaa. Ilikaa humo miezi mingi. Ilipotoka aliipangusa, akaifunika kitambaa, na hakuna aliyetaja tena ilikotoka. Kwenye redio hiyo tulisikiliza "Je, Huu ni Uungwana?" kwa miaka, sote tumekaa kimya. Mama amezikwa nayo hadithi hiyo. Kaka vilevile. Na mimi ninayekaa matangani nikisikitika kwamba vijana hawana kumbukumbu, nilikuwa nimebaki peke yangu nayo, nikijiandaa kuondoka nayo.

Mjukuu wangu hakushtuka kwa wizi. Aliuliza, "Na mwenye duka, Shosho? Alikwenda wapi?"

Kwa miaka 43 nilikuwa nimeishi na hadithi ile, na swali hilo halikuwahi kunijia. Redio isingeniuliza. Mama alikuwa amenifunza kutouliza. Aliyeniuliza ni mtoto wa simu.

Jumamosi iliyofuata tulipanda 46, tukashukia mjini, tukatembea mpaka mtaa wa Biashara. Mahali penyewe sasa panauzwa sare za shule. Wauzaji walikuwa vijana, hawakujua lolote. Pembeni, chini ya ngazi, palikuwa na fundi cherehani mzee kuliko mimi. Mjukuu wangu alimwamkia, akamwomba ruhusa ya kurekodi, akamuuliza kama alikuwapo hapo mwaka 1982. Yule mzee alisimamisha mashine, akalishika gurudumu kwa kiganja mpaka likatulia kabisa.

"Keti," akamwambia, na akaivuta stuli.